Gesi Haiachiwi Hewani: Maswali na Majibu kwa Walimu wa Majokofu na Viyoyozi

Dondoo hizi ni za mwalimu wa chuo cha ufundi anayejiandaa kwa mtihani wa huduma salama kwa tabaka la ozoni. Nadharia nimeifupisha kwa makusudi. Watahiniwa wengi wanaijua, na wanaoanguka huangukia karakana.

Swali la 1. Tarehe zipi za Itifaki ya Montreal hazikwepeki?

Jibu. Ilisainiwa 16 Septemba 1987 na kuanza kutumika 1 Januari 1989. Sekretarieti yake iko Nairobi. Kwa nchi zinazoendelea, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, CFC kama R-12 zilifikia mwisho mwaka 2010. HCFC, ambazo R-22 ndiyo maarufu kuliko zote, zilisimamishwa zisiongezeke mwaka 2013, zikapunguzwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na mwaka 2030 zinakoma isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani hadi 2040.

Mtego wa watahini uko hapa: ratiba hii inabana uzalishaji na uingizaji wa gesi mpya. Haimlazimishi mwenye kiyoyozi cha R-22 kuking'oa ukutani. Kwa hiyo kila gramu iliyomo ndani ya mashine za sasa inazidi kuwa adimu, na fundi anayeiachia hewani anatupa kitu ambacho kesho atakitafuta dukani asikipate.

Swali la 2. Klorini hufanya nini huko juu kwenye tabaka la ozoni?

Jibu. Mionzi ya jua huivunja molekuli ya CFC, klorini ikatoka, ikaivunja ozoni, kisha ikabaki huru kuivunja nyingine, maelfu kwa maelfu. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974. Mwaka 1995 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Swali la 3. R-134a na R-410A hazina klorini. Mbona nazo zinabanwa?

Jibu. Kwa sababu ya joto la dunia. Kilo 1 ya R-410A ikivuja, athari yake kwa miaka 100 ni sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi. Ya R-134a ni 1,430, ya R-404A ni 3,922, ya R-32 ni 675, na ya propani, yaani R-290, ni kama 3 tu. Ndipo yakaja Marekebisho ya Kigali ya 15 Oktoba 2016. Kundi la nchi zetu lilianza kwa kusimamisha ongezeko la gesi za aina ya R-134a na R-410A mwaka 2024, na mwisho wa safari ni punguzo la asilimia 80 mwaka 2045.

Mwanafunzi akikuuliza, “Kwa hiyo mwalimu, R-410A ni gesi ya ozoni?” mjibu kwamba haigusi ozoni lakini bado haiachiwi hewani. Wengi husikia nusu ya kwanza tu.

Swali la 4. Kwa nini mafunzo yaanze na mwalimu, wakati anayefungua mashine kila siku ni fundi wa mtaani?

Jibu. Usiridhike kuandika kwamba mwalimu mmoja hufikia wanafunzi wengi. Ni kweli, ila haitoshi. Jambo zito ni kwamba ufundi hufundishwa kwa mkono kabla ya mdomo. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni “usiachie gesi” asubuhi, kisha mchana akafungua valvu ya kiyoyozi cha mazoezi ikapuliza mpaka ikaisha, kwa sababu darasa linasubiri na mashine ya kunyonya gesi ni moja. Wanafunzi wataondoka na kile cha mchana, na miaka mitano baadaye watakuwa wanamfundisha kijana wao wa gereji vivyo hivyo.

Kuna na upande wa mteja. Mteja wa pwani, msimu wa kaskazi unapompiga, hulipia gesi. Hapendi kulipia saa mbili za kutafuta tundu. Fundi naye anajua kwamba mwenye tundu atarudi. Hiyo biashara ya “kuongeza gesi” kila mwaka ndiyo adui mkubwa wa somo hili, kuliko ukosefu wa vifaa. Mwalimu asiyemfundisha mwanafunzi namna ya kumweleza mteja bili ya kutafuta uvujaji amefundisha nusu ya kazi.

Swali la 5. Tofautisha kukusanya, kuchuja na kusafisha gesi upya.

Jibu. Kukusanya ni kuitoa kwenye mashine na kuiweka kwenye mtungi, hali yoyote iliyonayo. Kuchuja ni kupunguza mafuta, unyevu na uchafu kwa filta, kazi inayofanyika karakana. Kusafisha upya ni kuirudisha kwenye ubora wa gesi mpya na kuuthibitisha kwa vipimo vya maabara. Mtungi wa kukusanyia haujazwi zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake, maana kimiminika kikipata joto hutanuka. Mtungi wa kutupwa haujazwi tena hata mara moja.

Swali la 6. Chuo kina mashine moja ya kunyonya gesi na darasa la watu 30. Ufanyeje?

Jibu. Kwanza, viyoyozi vya vitengo viwili (split) vina njia yake: funga valvu ya kimiminika huku kompresa ikizunguka, gesi itarudi kwenye kitengo cha nje, kisha funga valvu ya mvuke na uzime mara moja. Kila mwanafunzi anaweza kufanya hivyo bila mashine yoyote ya ziada. Onyo lake liandikwe kwa herufi kubwa: kompresa isiachwe ikizunguka wakati bomba liko wazi. Ikivuta hewa ikachanganyika na mafuta chini ya shinikizo na joto, inaweza kulipuka.

Pili, kwa friji ndogo, mtungi uliotolewa hewa ukakaa kwenye ndoo ya maji ya barafu utavuta gesi taratibu kwa sababu shinikizo ndani yake limeshuka. Ni polepole na haumalizi yote, lakini mwanafunzi anaona kwa macho gesi inavyoenda palipo baridi. Tatu, gesi ya darasa ni moja: inatoka kwenye mashine ya mazoezi, inapimwa, inarudi. Sioni sababu ya chuo kununua mtungi mpya kila muhula kwa ajili ya mazoezi.

Swali la 7. “Nimevuta vakyumu dakika 20.” Je, inatosha?

Jibu. Dakika si kipimo. Geji ya kawaida ya mishale haiwezi kukuambia kama unyevu umetoka. Inahitajika geji ya vakyumu, nayo ishuke hadi maikroni 500. Kisha funga pampu usubiri. Sindano ikipanda kidogo na kutulia, kuna unyevu unaochemka. Ikiendelea kupanda bila kutulia, kuna tundu. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina maji, mafuta ya POE yanayotumika na R-410A hunyonya unyevu mara yanapoachwa wazi. Kopo lililofunguliwa wiki iliyopita si la kutumia leo.

Swali la 8. Kwa nini oksijeni haitumiki kupiga presha?

Jibu. Oksijeni na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo hulipuka. Tumia naitrojeni kavu yenye regyuleta. Hiyo hiyo, ikipita polepole ndani ya bomba wakati wa kuchomelea, huzuia magamba meusi ya oksaidi ambayo baadaye huziba kapilari.

Swali la 9. Taa ya halaidi inafaa kutafuta uvujaji wa R-134a?

Jibu. Hapana. Moto wake hubadili rangi kwa klorini, na R-134a haina. Karibu na R-290 ni hatari tupu. Povu la sabuni halijazeeka.

Swali la 10. Gesi ya kupikia ni propani, R-290 pia ni propani. Kwa nini tusitumie ya jikoni?

Jibu. Swali hili litaulizwa darasani, hata kama halitatoka kwenye mtihani. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani kwa viwango vinavyobadilika, hivyo shinikizo na ubaridi wake havitabiriki. Ina kemikali ya harufu yenye salfa, na inaweza kuwa na unyevu. Gesi ya majokofu inatakiwa kuwa safi sana na kavu.

Nayo R-290 halisi haitiwi kwenye kiyoyozi kilichotengenezwa kwa R-22, hata kama kitapoa vizuri. Swichi na rilei zake hutoa cheche, na hakuna aliyezipanga zikae karibu na gesi inayowaka.

Chukua mfano. Gramu 300 zimevuja kwenye chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Ujazo ni mita za ujazo 22.5, wastani ni gramu 13.3 kwa kila mita ya ujazo. Kiwango cha chini cha kuwaka ni kama gramu 38. Mtahiniwa mvivu ataandika “salama” na kupoteza alama. Propani ni nzito kuliko hewa. Hukaa sakafuni, na pale chini wastani hauna maana. Soketi za ukutani ziko wapi?

Swali la 11. Gesi hutambuliwa kwa rangi ya mtungi?

Jibu. Isitambuliwe hivyo. Mpango wa rangi wa Marekani, uliozoeleka duniani, ulikwisha kuachwa kufikia 2020, na wauzaji wa gesi bandia hawakuwahi kuuheshimu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyohudumiwa Vietnam yalilipuka na kuua wafanyakazi. Yalikuwa na gesi chafu yenye R-40 iliyouzwa kama R-134a. R-40 ikikutana na aluminiamu huzaa kemikali inayowaka ikigusa hewa. Soma lebo, linganisha shinikizo na jotoridi kwenye jedwali, na kama kuna kitambuzi cha gesi, kitumie kabla ya kuunganisha hozi.

Swali la 12. Mwanafunzi amemaliza zoezi la R-22 mapema, kiyoyozi kinapuliza baridi. Lebo ya mashine inasema kilo 0.80. Mtungi ulikuwa kilo 9.40, sasa ni 8.55. Toa alama.

Jibu. Zimetoka kilo 0.85 na, tukichukulia mashine imejazwa sawa na lebo, zimeingia 0.80. Gramu 50 zimepotea kwenye hozi wakati wa kufungua. Kwa R-22, ambayo kilo yake ni sawa na kilo 1,810 za kaboni dioksidi, hizo ni kilo 90.5. Darasa la 24 likifanya hivyo, ni kilo 1.2 za gesi, sawa na kilo 2,172. Punguza alama, kisha mwambie arudie kwa hozi fupi zenye valvu mwishoni, avute kimiminika kilichobaki kiingie kwenye mashine kabla ya kuzifungua, na mtungi upimwe tena mbele ya wenzake.