Kabla ya Kuchagua Nchi, Uliza Hati Yako Imefungwa kwa Nani

Wadogo zangu, swali mnaloniletea kuliko yote ni hili: "Dada, nataka kwenda kuishi nje, peke yangu. Nchi gani ni salama kwa mwanamke?" Anayeuliza mara nyingi ana pasi mpya, akiba kidogo, na mama ambaye hapati usingizi tangu asikie habari ya safari. Nalichukulia swali hili kwa uzito wake wote, na ndiyo maana sitaki kukutajia jina la nchi moja ukaondoka umeridhika.

Majina yapo. Katika orodha ya dunia inayopima amani, Iceland imeshika nafasi ya kwanza tangu mwaka 2008. Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani nacho hupima hali ya wanawake nchi kwa nchi, na katika toleo la mwaka 2023, kati ya nchi 177, Denmark ilikuwa ya kwanza na Afghanistan ya mwisho. Orodha hizi zisomeni, zina kazi yake. Ila zinampima mwanamke wa wastani wa nchi ile: mwenye ukoo wake pale, lugha yake, mara nyingi na uraia wake. Wewe unakwenda kuwa mgeni, na sheria itakayokugusa wewe imeandikwa kwenye ukurasa mwingine.

Itazameni Dubai. Wanawake wa Umoja wa Falme za Kiarabu, wakiulizwa kama wanajiona salama kutembea peke yao usiku, wengi sana husema ndiyo, na wanasema kweli. Mhasibu kutoka Nairobi mwenye kazi ya ofisini na nyumba aliyoipanga mwenyewe anatoka kazini saa tano za usiku, anapanda treni hadi kwake, na hakuna anayemgusa. Katika jiji hilohilo yupo binti wa umri wake anayefanya kazi za ndani, ambaye pasi yake imo kwenye kabati la bosi, simu anapewa Ijumaa, na geti halifungui yeye. Mtaa ni salama kwa wote wawili, lakini wa pili haufikii mtaa huo. Hatari yake iko ndani ya nyumba anamolala.

Kwa hiyo, swali ninalotaka uanze nalo ni hili: ruhusa yangu ya kukaa katika nchi ile imefungwa kwa nani? Nikimkimbia bosi mbaya au mume mkatili leo usiku, kesho asubuhi mimi bado ni mkaazi halali, au nimeshakuwa mhalifu?

Katika nchi za Ghuba jibu linaitwa kafala. Kafili, yaani yule anayekudhamini, ndiye anayebeba uhalali wako. Kwa miaka mingi usingeweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa yake, na kwingine hata kutoka nchini ilibidi akubali yeye. Mambo yamebadilika kiasi. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la ridhaa ya mwajiri kwa anayetaka kuhama kazi, na wafanyakazi wa ndani wakahesabiwa humo. Saudia ilileta mageuzi yake Machi 2021, lakini wafanyakazi wa ndani iliwaacha nje. Hapo ndipo wengi wenu mnapopelekwa. Ukitoka kwenye nyumba bila ruhusa, mwajiri anaweza kutoa taarifa kwamba umetoroka, wenyewe wanaiita hurub, na kuanzia hapo polisi watakutafuta wewe, hata kama uliyekuwa unapigwa ni wewe.

Oman nitaisema peke yake kwa sababu wasomaji wangu wa Zanzibar, Tanga na Mombasa wana ndugu kule. Ni kweli Muscat utasikia Kiswahili sokoni na hospitalini, na huo ni msaada mkubwa: mtu anayeweza kueleza maumivu yake kwa lugha yake hadanganywi kirahisi. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyozuiwa, pasi zilizochukuliwa, vipigo na kuingiliwa kimwili. Undugu na lugha moja havikuwakinga. Kama una shangazi Muscat, mwombe jambo moja kabla hujasaini: aende kwenye nyumba utakayofanyia kazi, aonane na mama mwenye nyumba, aulize aliyekutangulia aliondoka kwa nini. Wakala akikataa kutoa anwani ya nyumba, safari hiyo usiende. Na wakala mwenyewe muulizie kwanza: Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni, Tanzania Bara, waulize wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA.

Halafu wapo wanaoniambia, "Dada, mimi siendi Uarabuni, naenda Ulaya," kana kwamba jambo hili limeishia hapo. Halijaishia. Ulaya nako hati hufungwa kwa watu.

Nianze na Ujerumani, maana mabinti wengi wa Kenya huingia huko kwa njia ya au pair, kuishi na familia na kuwasaidia kulea watoto. Masharti yake yajue kwa kichwa: uwe chini ya miaka 27 unapoomba, uwe na Kijerumani cha mwanzo, usifanye zaidi ya saa 30 kwa wiki, upewe chumba chako na chakula, bima juu ya familia, na posho ya euro 280 kwa mwezi. Binti anayepikia watu sita na kudeki nyumba nzima tangu alfajiri hadi usiku, huyo amegeuzwa mtumishi, na ana haki ya kutoka. Uzuri wa njia hii ni kwamba familia ikiwa mbaya unaweza kutafuta nyingine na kuiarifu ofisi ya uhamiaji. Lakini unalala kwao, kwa hiyo siku ukigombana nao unakosa kazi na kitanda kwa pamoja. Usiingie nchi ile bila nauli ya kurudi, na bila jina la mtu mmoja wa mji uleule asiye wa familia hiyo.

Ukiolewa na Mjerumani, ukaazi wako hutegemea ndoa. Ndoa ikivunjika kabla hamjaishi pamoja kule miaka 3, unaweza kuupoteza, ila sheria inatoa nafasi kwa mwanamke aliyeteswa. Nafasi hiyo inahitaji ushahidi: cheti cha daktari, taarifa ya polisi, picha zenye tarehe. Naomba mlisikie hili, kwa sababu malezi yetu ya kuficha aibu ya ndoa ndiyo yanayowafanya dada zetu wafike mbele ya afisa mikono mitupu.

Uingereza ina tofauti inayoniuma. Mwanamke aliyeolewa na Mwingereza, akiteswa akaondoka, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Jirani yake aliyemfuata mume Mtanzania mwenye visa ya kazi, akipigwa vilevile, njia hiyo hana. Upo mkataba wa Ulaya wa kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili, uliofunguliwa kutiwa saini Istanbul mwaka 2011, na kifungu chake cha 59 kinahusu hasa ukaazi wa wanawake wahamiaji wanaoteswa. Uingereza ilipouridhia mwaka 2022 ilikiweka kando kifungu hicho. Ujerumani nayo ilikuwa imekiwekea pingamizi, ikaliacha likaisha mwaka 2023. Ukitaka kuijua nchi inamthamini vipi mwanamke mgeni, soma ilichofanya na kifungu hicho.

Wale wa kazi za kuhudumia wazee, njia ya kuajiriwa moja kwa moja kutoka nje kwenda Uingereza ilifungwa Julai 2025. Anayekuuzia "nafasi" hiyo leo anakuibia. Walioko tayari wanajua adha yake: visa imefungwa kwa mwajiri mmoja, na mwajiri akinyang'anywa kibali cha kudhamini, mfanyakazi hupewa siku 60 za kupata mwingine. Kanada imefanya vizuri zaidi hapa. Tangu mwaka 2019, mfanyakazi mwenye kibali kilichofungwa kwa mwajiri, akinyanyaswa, anaweza kuomba kibali cha wazi akafanye kazi kwingine. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1994, mke wa raia au wa mwenye ukaazi wa kudumu akiteswa anaweza kuomba karatasi zake bila mume kujua.

Rangi yako nayo inasafiri nawe. Katika ripoti ya mwaka 2023, Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya liliwahoji watu wenye asili ya Afrika katika nchi 13. Asilimia 45 walisema wamebaguliwa kwa rangi yao katika miaka 5 iliyotangulia. Ujerumani na Austria walipita asilimia 70. Sisemi usiende. Nasema chagua mji na si nchi tu. Mji wenye Waafrika, chuo, na basi la usiku linalofika karibu na mlango wako ni salama kwako kuliko kijiji kizuri ambako wewe ndiye mweusi pekee na kituo cha basi kiko gizani saa kumi jioni wakati wa baridi.

Na kwa nini hatuitaji Kigali? Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho tu. Ni mji ambao mwanamke anatembea jioni bila kukumbatia mkoba, na aliyefanyiwa ukatili anaweza kwenda kituo cha Isange, kazi iliyoanza mwaka 2009, akamkuta daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Mishahara si ya Ulaya, hilo nalijua. Lakini kwa binti anayetaka kuanza kujifunza kuishi peke yake, akiwa safari ya basi tu kutoka kwa mama yake, ningempeleka huko kwanza.

Unapoulizia nchi, mtafute mwanamke aliyekaa kule kwa hati kama yako. Mwanafunzi aulizwe na mwanafunzi, mfanyakazi wa ndani na mfanyakazi wa ndani. Muulize alipougua nani alimpeleka hospitali. Muulize mshahara ulipochelewa alifanya nini. Muulize ufunguo wa chumba chake alikuwa nao nani. Hapo utapata picha ambayo video za mitandaoni haziwezi kukupa.

Na wewe unayesoma haya ukiwa huko tayari, ndani ya nyumba isiyo salama, nakuandikia wewe hasa. Piga picha pasi, visa na mkataba wako, umtumie mtu nyumbani pamoja na mahali ulipo. Ukiwa Ujerumani, 116 016 ni namba ya bure ya wanawake wanaoteswa, mchana na usiku. Uingereza piga 999. Ukishindwa kusema kwa sababu anayekutesa yupo karibu, bonyeza 55 ukiwa kwenye simu ya mkononi. Oman polisi ni 9999, Falme za Kiarabu ni 999. Ukiwa Ghuba na maisha yako hayako hatarini dakika hii, wasiliana kwanza na ubalozi wa nchi yako, ili ukitoka nje ya geti uwe unajua unakwenda wapi na pawepo anayejua kwamba unakuja. Na ukiwekewa mbele yako karatasi inayosema umesamehe mshahara au umekiri kosa, omba isomwe kwa Kiswahili kabla hujashika kalamu.