Mumtaz: majibu kwa wapenzi wa picha za Kihindi

Maswali haya kuhusu Mumtaz, mwigizaji wa filamu za Kihindi, yametufikia kutoka Malindi, Watamu, Kilifi mjini na Mtwapa. Mengi yanarudia jambo moja, kwa hiyo tumeanza nalo.

Nyanyangu husema Mumtaz aliolewa na "tajiri wa sukari wa Uganda". Ni kweli au ni porojo za baraza? (Shela, Malindi)

Ni kweli. Mei 1974 Mumtaz aliolewa na Mayur Madhvani, kitinda mimba wa Muljibhai Madhvani, yule Mgujarati aliyefika Uganda akiwa kijana mwanzoni mwa karne iliyopita na kuanzisha mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari Kakira, karibu na Jinja. Nyanyako alisikia sawasawa.

Ila wengi husahau tarehe. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Manubhai, kaka yake Mayur, alitiwa ndani katika gereza la kijeshi la Makindye kabla ya kuondoka nchini, na mali ya ukoo ikachukuliwa. Kwa hiyo Mumtaz hakuolewa Kakira ya fahari. Aliolewa na ukoo uliokuwa umefukuzwa kwao na kuanza upya ugenini. Makazi yao yakawa London. Akina Madhvani walirudi Uganda katikati ya miaka ya 1980 na kukifufua kiwanda. Wanaosema alifuata sukari wahesabu miaka vizuri.

Alitoka familia ya wasanii? (Mtwapa)

Si familia yenye jina. Alizaliwa Bombay tarehe 31 Julai 1947, wiki mbili kabla ya India kupata uhuru. Baba yake alikuwa Muirani, muuza matunda makavu, na wazazi waliachana yeye akiwa mchanga. Alianza na sehemu ndogondogo za watoto, za kusimama nyuma na kupita mbele ya kamera.

Kisha akaja Dara Singh, mpiga mieleka. Kuanzia *Faulad* ya 1963 Mumtaz alicheza naye picha zaidi ya kumi: panga, farasi, misuli, na msichana wa kuokolewa. Zililipa, lakini zilimtia doa. Masteringi wakubwa wa Bombay hawakutaka kuonekana na "msichana wa picha za mieleka". Aliyelivunja hilo ni Dilip Kumar, aliyekubali kucheza naye *Ram Aur Shyam* mwaka 1967. Dilip Kumar alipokubali, wengine walikuwa na kisingizio gani? Inasimuliwa kwamba hata Shashi Kapoor alikuwa amemkataa. Mwaka 1974 alikuwa steringi wake katika *Chor Machaye Shor*.

Ile sari ya rangi ya chungwa ilifungwaje? Mimi ni fundi cherehani, nimejaribu mara nyingi inanishinda. (Kilifi)

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Unazungumzia *Brahmachari* ya 1968, ule wimbo anaocheza na Shammi Kapoor. Sari imembana nyongani, imezungushwa kwa tabaka zinazopanda kama ngazi, utepe wa dhahabu ukionekana kila tabaka. Anaruka, anazunguka, anatikisa mabega, na haisogei hata kidogo. Kila aliyewahi kucheza chakacha na leso kiunoni anajua kwamba hilo haliwezekani kwa nguo ya kufunga tu.

Siri ni kwamba haikufungwa. Bhanu Athaiya, aliyebuni mavazi ya picha hiyo, aliishona tayari na kuitia zipu, Mumtaz akaivaa kama sketi. Kwa hiyo, fundi, acha kukunja: kata, shona tabaka moja moja juu ya bitana ya kubana, zipu uifiche ubavuni. Bhanu huyohuyo ndiye Mhindi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa mavazi ya filamu *Gandhi*.

Alikuwa mwigizaji kweli, au mcheza dansi mwenye sura nzuri? (Watamu)

Tazama *Khilona* ya 1970, kisha uniulize tena. Anacheza Chand, mwanamke anayeimba na kucheza mbele ya wanaume wanaolipa. Familia ya kitajiri inamkodi aingie nyumbani mwao na kujifanya mke wa kijana wao aliyerukwa na akili, anayechezwa na Sanjeev Kumar, kwa tamaa kwamba atapona. Anamuuguza, anapigwa, anadhalilishwa, anashika mimba yake. Siku kijana anapopata akili, hamtambui.

Mwigizaji mwingine angelia hadi mwisho wa reli. Mumtaz ananyamaza. Unamwona akitafuta mahali pa kuweka mikono yake, kama mgeni katika nyumba aliyoifagia mwenyewe. Picha hiyo ilimpa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike. Kwa maoni yangu, watayarishaji walimwonea: hata baada ya tuzo waliendelea kumpa nyimbo tano na machozi kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyouza tiketi.

Na Rajesh Khanna, walikuwa wapenzi?

Kwenye pazia, ndiyo, katika picha kama *Do Raaste* ya 1969, na *Aap Ki Kasam* na *Roti*, zote mbili za 1974. Nje ya pazia walikuwa marafiki. Tuendelee.

Wazee wetu waliziona wapi picha hizi? (Malindi)

Sinema za Mombasa zilikuwa hazikosi picha ya Kihindi, na aliyetoka Malindi kuifuata ilimbidi avuke kwa feri Kilifi, kwani daraja lilifunguliwa mwaka 1991 tu. Lakini picha haikuhitaji feri ili ifike. Ilitangulia kwa sauti. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa taarabu ya mahadhi ya Kihindi: tuni za filamu, tabla, na juu yake mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, mengi yakitungwa na binamu yake Ahmad Nassir. Harusi za pwani nzima zilichezwa kwa tuni hizo na watu ambao hawakuwahi kuona pazia.

Hapo lakini Mumtaz hana sifa. Hakuimba. Sauti unazozikumbuka ni za Lata Mangeshkar, Asha Bhosle na wenzao, yeye akifumbua midomo tu.

Kwa nini aliacha akiwa juu?

Mwenyewe amesimulia kwamba akiwa msichana Shammi Kapoor alimposa, naye akakataa, maana wake wa akina Kapoor walitakiwa kuacha sinema na yeye alikuwa na familia ya kulisha. Miaka ilipopita akaolewa na Mayur, akaacha sinema. Wengine wanaona amejipinga. Mimi sioni. Mara ya kwanza hakuwa na kitu. Mara ya pili alikuwa na miaka 26, filamu nyingi na tuzo mkononi. Alimalizia picha zilizobaki, ya mwisho ikiwa *Aaina* ya 1977.

Na baada ya hapo?

Alipata saratani ya matiti akiwa katika miaka ya hamsini, akatibiwa akapona, na amelizungumza hadharani bila kuona haya. Mwaka 1996 Filmfare ilimpa tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Binti yake Natasha aliolewa mwaka 2005 na Fardeen, mwana wa Feroz Khan, ambaye Mumtaz alicheza naye *Mela* na *Apradh*. Aliwahi kurudi kwenye pazia mara moja, katika *Aandhiyan* ya 1990. Hiyo, ukiikuta, iruke, tafuta *Khilona*.