Shamba Unalima Wewe, Je, Uamuzi ni Wako?

Kijana mwenzangu, leo tujadili swali linaloleta mabishano karibu kila tunapokutana vijana: mwanamke akiwa na kipato chake, ndio tayari yuko sawa na mwanaume?

1. Usawa unatoka wapi?

Mwanzo 1:27 inajibu mapema: mwanaume na mwanamke wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na mshahara. Kwa hiyo dada asiye na hata shilingi mia ana utu uleule alionao bosi wake.

Lakini tusiishie hapo. Wapo wanaosema "sote ni sawa mbele za Mungu", halafu nyumbani mama anaomba hela ya chumvi kama mtoto. Mwingine anapigwa na habanduki, maana akiondoka hana nauli wala pa kulala. Utu anao, ila njia ya kuuishi amefungiwa.

2. Mabinti watano

Soma Hesabu 27:1-11. Selofehadi alifariki bila mtoto wa kiume. Mabinti zake watano wakasimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa akalipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema wana haki.

3. Kutumia na kuamua

Jambo kama hilo limetokea hapa Tanzania. Bi Holaria Pastory, Mhaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Akiwa mzee asiye na wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani, kwa sababu mila ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila si kuliuza. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba huo ni ubaguzi, na mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume.

Hapa ndipo penye somo. Wanawake wengi wanalima, wanachuma kahawa na kuianika, lakini siku ya malipo anayepokea ni baba. Kazi wanayo, uamuzi hawana. Kujitegemea kiuchumi ni pamoja na kuwa na sauti juu ya jasho lako.

4. Sisi tufanye nini?

Dada, jifunze ujuzi, jiunge na VICOBA, na jina lako liwemo kwenye hati. Kaka, mchumba wako akikuzidi kipato, usione umepungukiwa. Na mkeo akibaki nyumbani kulea, usiseme "hafanyi kazi". Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Tena, kujitegemea si kila mtu na lake. Katika Luka 8:1-3, Yoana, Susana na wenzao walimhudumia Yesu kwa mali zao. Waliweza kutoa kwa sababu walikuwa na uamuzi juu ya walichonacho. Zawadi ya kweli hutoka kwenye mkono ulio huru.

Tafakari wiki hii: Nyumbani kwenu nani anafanya kazi, na nani anaamua matumizi? Ukioa au kuolewa, utapenda iweje?

Ee Yesu, uliyeonja jasho la kazi kule Nazareti, utufundishe kuheshimu jasho la kila mmoja. Amina.