Vena Zinazovimba Miguuni: Chanzo na Tiba Yake

Mtu asimamapo wima, damu iliyo katika kifundo cha mguu wake haina budi kupanda kiasi cha meta 1.2 kabla ya kuufikia moyo. Kushuka kwake ni kwepesi, kwani moyo huisukuma kwa nguvu ndani ya ateri. Kurudi ndiko kwenye taabu. Ikiisha kupita katika kapilari, damu huwa imepoteza karibu nguvu yote iliyopewa na moyo, nayo huingia katika vena, mishipa yenye kuta nyembamba zinazotanuka upesi. Mpango wa kuirudisha unapoharibika, vena zilizo chini ya ngozi hutanuka, hurefuka na kujipindapinda. Hizo ndizo vena varikosi. Katika ngozi nyeusi hutambulikana zaidi kwa matuta yake, yanayogusika kwa mkono, kuliko kwa rangi.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuukadiria mzigo wenyewe. Zebaki ina uzito wa damu ya ujazo uleule mara 12.8 hivi. Basi nguzo ya damu yenye kimo cha milimeta 1,200 italingana na nguzo ya zebaki ya milimeta 94. Hiyo ndiyo kanieneo ambayo nguzo hiyo huleta katika vena za kifundo cha mtu aliyesimama bila kutikisika. Akilala, nguzo hutoweka, na kanieneo hushuka hadi milimeta 10 hivi.

Ndani ya vena mna vali, yaani vilango vidogo vyenye majani mawili. Mwaka 1603 Hieronymus Fabricius, aliyekuwa mwalimu mjini Padua, Italia, alitoa kitabu juu ya vali hizo. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba kazi yake ni kuiruhusu damu kwenda upande wa moyo tu. Jaribio lake laweza kufanywa darasani. Mkono ufungwe kitambaa juu ya kiwiko, kisikazwe hadi mapigo ya kifundo yakapotea, wala kisiachwe zaidi ya dakika moja au mbili. Vena zikijitokeza, bonyeza moja kwa kidole sehemu ya chini, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea juu hadi ipite kifundo kidogo kilicho katika vena, ambacho ndicho vali. Ondoa kidole cha juu: sehemu iliyo chini ya vali hubaki tupu. Ondoa cha chini: hujaa mara moja.

Wanafunzi hodari huuliza: ikiwa vali zipo, mbona kanieneo hufikia milimeta 94? Swali hili ni zuri, na vitabu vingi vya shule hulipita kimya. Jibu ni kwamba vali ni mlango, si pampu. Mtu asipotikisika, damu huendelea kuingia kutoka katika kapilari, hujaza kipande kimoja cha vena baada ya kingine na kuzifungua vali zote, hata nguzo ikawa moja. Pampu ni misuli ya shavu la mguu. Inapokaza huzibana vena za ndani na kuirusha damu juu. Inapolegea, vali hufunga, na vena za ndani huvuta damu kutoka zile za chini ya ngozi. Hatua chache tu hutosha kuishusha kanieneo hadi milimeta 30 hivi au pungufu. Mtu akisimama tena kimya, hupanda katika nusu dakika. Ndiyo maana mwalimu atembeaye kati ya madawati huistahi miguu yake kuliko yule aliyeganda mbele ya ubao.

Ukuta wa vena ukilegea, majani ya vali hayakutani tena. Damu huanguka nyuma na kuielemea vali iliyo chini yake, nayo hushindwa kwa zamu yake. Ulegevu huo mara nyingi hurithiwa. Umri, unene na kazi za kusimama huuzidisha. Wakati wa mimba damu huongezeka, homoni hulegeza kuta, na tumbo la uzazi hukandamiza vena kubwa. Kwa wengi uvimbe hupungua miezi michache baada ya kujifungua.

Wengi hupata uzito na uchovu wa miguu tu. Hatari ni kidonda. Kanieneo isiyoshuka hulazimisha maji na chembe nyekundu kuvuja kutoka katika kapilari. Ngozi iliyo juu ya kifundo cha ndani huwa nyeusi zaidi, huwasha na kukakamaa, na mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda ndugu. Mgonjwa hutumia fedha zake kwa poda na viuavijasumu, ambavyo haviishushi kanieneo hata kidogo. Kinachoishusha ni kuinua miguu, kutembea, na bendeji au soksi za kubana, zilizokaza zaidi kifundoni na kulegea kuelekea goti. Lakini kwanza mganga athibitishe kuwa ateri za mguu ni nzima, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji tumbaku. Mguu wenye damu haba ukibanwa huweza kuoza.

Mwaka 1890 Friedrich Trendelenburg, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza namna ya kuifunga vena kuu ya chini ya ngozi pajani. Baadaye vena hiyo ilikuwa ikichomolewa. Siku hizi, penye vifaa, huzibwa kwa joto la leza au mawimbi ya redio, au kwa sindano ya dawa. Mgonjwa hadhuriki, maana sehemu kubwa ya damu hurudi kwa vena za ndani, ambazo hupimwa kwanza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kuiziba mapema vena mbovu huharakisha kupona kwa kidonda.

Vena iliyovimba isichanjwe chale kamwe. Ikipasuka, mgonjwa alazwe, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, na pale panapotoka damu pakandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 au zaidi. Kufunga kamba juu ya goti huzuia damu ya vena kurudi, na hivyo huzidisha kutoka. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, usikandwe: huenda mna donge la damu katika vena za ndani, nalo likichomoka huweza kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Mgonjwa huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo.