Mtoki Haukandwi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mgonjwa wa Kinyama

Haya yanakuhusu wewe mkazi wa Vihingo mwenye kidonda au doa jeusi lisilopona unyayoni au chini ya ukucha, na ndugu zetu wenye ualbino wenye kidonda usoni au sikioni. Huenda ni saratani ya ngozi, nayo ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia tezi za jirani: ya mguuni hukimbilia kinenani, ya usoni hukimbilia shingoni.

USIKANDE tezi iliyovimba. Usiichue, usiichome, wala usimpe mtu wembe aipasue. Mtoki wa kidonda cha kawaida hunywea kidonda kikipona. Usiponywea kwa wiki mbili tatu, anza zahanati, udai rufaa ya kwenda Hospitali ya Tumbi.

USISEME saratani ya ngozi si ya watu weusi. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

MWELEZE daktari, kabla hajachukua kinyama, yaani kipande cha kidonda au tezi ya kupimwa, dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, hasa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

KUBALI sindano nyembamba ya kupima tezi ikitangulia; si kila tezi inahitaji kisu. Tezi isipopapasika, palipo na huduma hiyo, hudungwa rangi ya bluu karibu na kidonda ili ionekane tezi ya kwanza kuipokea rangi hiyo, itolewe hiyo. Mkojo ukitoka wa bluu au kijani siku ile, usishtuke.

USILE ukiambiwa utapewa nusu kaputi. Hata uji ni chakula. Wanaokuuguza wasikuonee huruma kwa kukupenyezea kikombe.

HAKIKISHA kinyama kinakwenda maabara. Hapa nasema kwa ukali, maana kinyama kisichosomwa ni kidonda cha bure. Kiwe ndani ya formalini, si maji, si spiriti, kwenye kopo lenye jina lako na upande kilikotoka. Ukikabidhiwa ulipeleke mwenyewe, lipeleke siku hiyohiyo. Kama huna fedha za kipimo, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaondoka; usilirudishe kopo nyumbani likakae uvunguni.

USIPAKE majivu wala dawa ya miti kwenye mshono. Jembe liache mpaka daktari aruhusu. Maji yakijikusanya chini ya mshono, usiyatoboe. Homa, usaha au joto kali pale, rudi mara moja.

USIITE kila mguu uliovimba matende. Pwani tunayajua matende, na minyoo yake huenezwa na mbu. Lakini mguu uliotolewa tezi huweza kuvimba kwa sababu maji yamekosa njia yake. Inua mguu, linda ngozi isichubuke, vaa viatu shambani, rudi kwa daktari.

FUATA jibu la maabara. Ndugu, msimfiche mgonjwa. Likithibitisha saratani, mgonjwa afike Taasisi ya Saratani Ocean Road na karatasi yake ya majibu mkononi. Likiwa halijatoka, uliza litatoka lini, andika tarehe, na siku hiyo uwe kwenye dirisha la majibu asubuhi.