Kufua Nyumbani kwa Maji ya Ziwa: Madoa, Harufu na Nguo Zinazokakamaa

Shati jeupe likigeuka kijivu na taulo likikakamaa, wengi wetu hapa Uvira hulaumu sabuni, kisha huongeza nyingine. Mara nyingi kosa si la sabuni. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, madini yanayofanya maji yawe magumu, yaani yasitoe povu kwa urahisi. Ukitaka kuhakikisha, chukua chupa mbili ndogo, moja utie maji ya ziwa na nyingine maji ya mvua. Kwangua sabuni ya kipande kiasi kilekile katika kila chupa, ufunge na kutikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya ziwa itatoa povu haba, na maji yataingia weupe mchafu. Weupe huo ni sabuni iliyoshikana na madini, na ndio unaoganda kwenye nyuzi kila unapofua mpaka nguo ififie.

Basi ufanyeje? Kama huna budi kufulia maji ya ziwa, tumia sabuni ya unga, kwa kuwa haishikani na madini kama ile ya kipande. Kipande kibakie kusugulia kola na madoa. Suuza mara mbili, na mara ya mwisho utumie maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Hayo hayana bei. Nguo ambazo zimekwisha kuwa ngumu, ziloweke nusu saa katika nusu bidoni ya maji, yaani lita 10, yenye nusu kikombe cha siki au maji ya malimau mawili, halafu uzisuuze. Maji ya mto Mulongwe au Kalimabenge yakija na udongo baada ya mvua ya milimani, yaache yatulie usiku kucha, asubuhi umimine polepole bila kutibua kilicho chini.

Wapi pa kufulia? Beba maji, ufulie uani, na maji machafu uyamwage mbali na ziwa, mto au kisima. Kiasi cha mita 30 ni kipimo kizuri. Nasisitiza hili kwa sababu ya kipindupindu, ambacho hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa hapa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya siku moja ya bomba kukauka, wagonjwa waliopokewa katika kituo cha kipindupindu waliongezeka kwa siku 12 zilizofuata. Bomba likikauka, watu hurudia maji ya ziwa na mto. Kwa hiyo REGIDESO, shirika la maji ya bomba, ikikata maji, ya bomba uliyoyaweka akiba yawe ya kunywa na kupikia, na nguo zipate ya ziwa au ya mvua. Kusimama majini ukifua kunaleta pia kichocho, na upande wa mdomo wa mto Rusizi kuna mamba na viboko.

Nguo na mashuka ya mtu anayeharisha yafuliwe peke yake. Usiyapeleke ziwani hata kidogo. Yachemshe dakika 5 tangu maji yaanze kutokota, uyafue kwa sabuni, uyaanike juani, kisha unawe mikono kwa sabuni. Fanya vivyo hivyo kwa nguo zilizoingia maji ya mafuriko kama yale ya Aprili 2020, kwani tope lile limepita vyooni. Tope lenyewe liache likauke kwanza, ulipukute, usuuze kwa maji matupu, ndipo uchemshe.

Na javeli? Hiyo ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe za pamba, basi. Ikigusa kikwembe inakula rangi, na ikigusa sufu au hariri inaharibu nyuzi zenyewe. Ipunguze kwa maji kwanza, usiimimine juu ya nguo. Tena, tafadhali sana, usiichanganye kamwe na siki wala limau: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua.

Doa la mawese ndilo linalosumbua nyumba nyingi. Sombe ikidondoka kwenye blauzi, usikimbilie maji. Kwangua kilichobaki juu kwa kijiko, nyunyiza unga mkavu wa muhogo, uuache robo saa unyonye mafuta, halafu uupukute. Paka sabuni ya kipande palepale, sugua kwa vidole, usuuze kwa maji ya moto kiasi nguo inachostahimili. Kivuli cha manjano kikibaki usikate tamaa. Rangi ya mawese huliwa na jua, kwa hiyo anika nguo ikiwa mbichi, doa likielekea juu. Usipige pasi kabla doa halijaisha, maana moto hulikaza. Damu, iwe ya mtu au ya samaki, inataka kinyume chake: maji baridi upesi, kwani ya moto huigandisha.

Kikwembe kipya kifuliwe peke yake kwa maji baridi. Kabla ya hapo bana pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikipata rangi, kikwembe kitachuja. Wengi hutia chumvi ili rangi ishike. Mimi nisingeitegemea. Anika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje. Rangi ikishaingia nguo nyingine, usiziache zikauke. Zirudishe mara moja kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga, ubadilishe maji hadi yatoke safi.

Masika nguo hunuka uvundo kwa sababu zimelala na unyevu. Usiloweke hadi kesho yake. Kamua vizuri, na mvua ikinyesha tanda kamba ndani mahali penye upepo, ukiachanisha nguo na nguo. Zilizokwisha kunuka, maji ya siki kwa saa moja yatasaidia.

Jambo la mwisho ni pasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandikwa chini. Funza wake huingia ngozini, na uvimbe wake hufanana na jipu. Kwa hiyo tanda kamba juu, usianike majanini, na nguo za kivulini uzipige pasi ya moto pande zote mbili, ukikazia mishono, kiuno cha suruali na nepi za mtoto. Uvimbe wenye kitundu katikati ukitokea, usiukamue kwa nguvu. Upake mafuta mazito ya mgando ili funza akose hewa na kujitokeza mwenyewe. Ukivimba zaidi au mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya.