Kiwanja cha Michezo Katika Nchi ya Miteremko

Mji wa Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani, umo katika milima ya Usambara Magharibi, kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko ardhi tambarare ni haba. Aghalabu hupatikana mabondeni, nayo hulimwa mboga. Juu kuna misitu ya hifadhi, kama ule wa Magamba, ambayo hulinda vijito. Hivyo kiwanja cha michezo mara nyingi hakina budi kuchongwa mtelemkoni. Kabla jembe la kwanza halijainuliwa, yafaa hesabu ifanywe.

Hesabu ya udongo

Tuchukue kiwanja cha mpira wa miguu chenye urefu wa meta 100 na upana wa meta 60, katika mtelemko unaoshuka meta 1 kwa kila meta 10. Udongo unaochimbwa nusu ya juu hutumiwa kujaza nusu ya chini.

Urefu wa kiwanja ukifuata mtelemko, tofauti ya kimo kutoka mwisho hadi mwisho ni meta 10. Ukingo wa juu utachimbwa meta 5, na udongo wa kuhamishwa utakuwa meta za ujazo 7,500. Lakini urefu huo ukilazwa kukingama mtelemko, tofauti ni meta 6, ukingo huchimbwa meta 3, na udongo hupungua kuwa meta za ujazo 4,500. Kwa kugeuza ramani tu, kazi ya meta za ujazo 3,000 imeokolewa.

Uwanja wa mpira wa pete, pamoja na nafasi ya pembeni, huhitaji meta 36 kwa 20. Ukilazwa vivyo hivyo, udongo wake ni meta za ujazo 180. Kwa hiyo kiwanja kimoja cha mpira wa miguu ni sawa na viwanja 25 vya mpira wa pete. Kijiji kisichoweza kumudu kile kikubwa kisikae bure: viwanja vidogo vya pete na wavu, vikipangwa kama ngazi, huwapa nafasi wasichana na wavulana pia.

Maji

Mvua ya milimeta 50 ikinyesha juu ya meta za mraba 6,000 huleta lita 300,000 za maji. Yakiachwa yatiririke ukingoni, yatabomoa kifusi na kufunika mashamba yaliyo chini. Kwa hiyo mtaro wa juu huzuia maji ya mlimani yasiingie. Katikati ya kiwanja huinuliwa sentimeta 30 kuliko kando. Na kifusi hushindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha ukingo wake hupandwa majani ya Guatemala, ambayo wakulima wa Lushoto wameyazoea katika kuzuia mmomonyoko.

Ridhaa ya wananchi

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta ili kuhifadhi udongo. Shabaha ilikuwa njema, lakini amri ilikataliwa, na mpango ukaanguka. Fundisho hilo linahusu viwanja pia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji hugawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye shamba lililo chini ya ukingo asikilizwe kwanza, maana ndiye atakayepokea maji.

Zoezi

Chukua kamba ya meta 10 na pimamaji. Shika ncha moja ardhini upande wa juu, uivute kamba iwe sawasawa, kisha upime kimo cha ncha ya pili kutoka ardhini. Kikiwa meta 1, hesabu zilizo hapo juu ni zako. Kikiwa meta 2, udongo utakuwa maradufu, na ni heri kutafuta mahali pengine. Udongo ukishaporomoka hadi mtoni, haurudi.